Banjo, Limba na Ngoma ya Kyela

Throw Down Your Heart ni filamu ya hali halisi iliyooneshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2008, na karibu kila dakika yake ina muziki. Mwongozaji wake, Sascha Paladino, anamfuata ndugu yake wa mama mmoja, Béla Fleck, mpiga banjo wa Marekani, ambaye mwaka 2005 alifunga safari ya kwenda Uganda, Tanzania, Gambia na Mali na chombo chake mkononi. Fleck alikuwa anatafuta ukoo wa banjo. Kila alipofika alikaa na wapigaji wa mahali hapo, akawasikiliza, kisha akajaribu kuingia. Yaliyorekodiwa safarini ndiyo yaliyokuwa muziki wa filamu, yakatolewa kama albamu mwaka 2009, na mwaka uliofuata yakaleta tuzo mbili za Grammy.

Kwa anayetaka kuelewa namna muziki wa tamaduni mbalimbali unavyoweza kukaa ndani ya filamu moja, mfano huu una faida ya pekee. Katika filamu nyingi mchanganyiko hufika sikioni ukiwa umekwisha kupikwa. Hapa mtazamaji yupo jikoni: anamwona mgeni akikosea, akirudia, akinyamaza, na mara nyingine akishindwa kabisa kupata mahali pa kuingilia.

Jina la filamu, lenye maana ya "bwaga moyo wako", limetokana na mji wa Bagamoyo, pwani ya Tanzania. Maelezo yaliyotumika ni kwamba mateka walipoiona bahari walijua hawatarudi tena, wakaibwaga mioyo yao. Yapo maelezo mengine, na wanahistoria kadhaa wanayaegemea zaidi: kwamba wapagazi wa misafara, hasa Wanyamwezi, walifika hapo baada ya miezi ya kubeba pembe za ndovu, wakatua mzigo na kupumzisha moyo. Filamu imechagua yale ya kwanza kwa sababu inayoeleweka, maana banjo lenyewe lilizaliwa mikononi mwa watumwa. Lakini si vibaya kutambua kwamba kipande chenye jina hilo katika albamu kilipigwa na wanamuziki wa Mali. Bagamoyo imetoa jina tu.

Asili ya banjo ni Afrika Magharibi. Waliovushwa bahari waliliunda upya Karibiani na Marekani kwa kibuyu, ngozi na nyuzi. Gambia, wanamuziki wa ukoo wa Jatta, ambao ni Wajola, walipiga na Fleck akonting: nyuzi tatu, kibuyu kilichowambwa ngozi, na uzi mmoja mfupi wa dole gumba ambao mpiga banjo yeyote angeutambua papo hapo. Afrika Mashariki haina ndugu wa karibu namna hiyo, ingawa banjo halikuwa mgeni kabisa. Malawi na Zambia vijana wamekuwa wakilitengeneza kwa debe na mbao kwa miongo mingi, na muziki wao umekuwa ukivuka mpaka wa Tunduma na Kasumulu kwa redio, kwa kanda na kwa midomo ya wafanyabiashara. Mtu wa Mbeya anaposikia banjo la Fleck, si lazima akumbuke Marekani kwanza. Anaweza kukumbuka debe.

Sehemu ya Tanzania ndiyo yenye somo gumu zaidi, nalo ni somo la kutyuni. Limba ni kisanduku cha mbao chenye vijiti vya chuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba. Wagogo wa Dodoma ndio wanaojulikana nalo zaidi, na Hukwe Zawose, aliyefariki mwishoni mwa mwaka 2003 baada ya miaka mingi ya kupiga na kufundisha Bagamoyo, ndiye aliyelifanya lijulikane duniani. Katika filamu wanasikika watu wa ukoo wake, kundi la Chibite, na pia Anania Ngoliga, mwimbaji na mpiga limba asiyeona, ambaye mazungumzo yake ya muziki na Fleck ni miongoni mwa sehemu zinazochekesha na kugusa kuliko zote.

Sauti za Kigogo hazikupangwa kwa kipimo cha piano. Zinafuata ngazi ya sauti ambazo uzi mmoja ukipigwa huzitoa wenyewe: ya msingi, ya pili juu yake, ya tatu, na kuendelea. Wagogo hutumia hasa zile za kuanzia ya nne hadi ya tisa. Yenye matata ni ya saba. Ukiilinganisha na noti ya piano iliyo karibu nayo, iko chini kwa kama theluthi ya nusu toni. Ni kiasi kidogo, lakini sikio halikikosi. Aliyelelewa na kinanda cha kanisani atasema limba limeshuka. Aliyelelewa na limba atasema kinanda kimepanda, na wote wawili watakuwa wakweli.

Shingo ya banjo, kama ya gitaa, imewekewa vyuma vinavyogawa uzi kwa kipimo kile kile cha piano. Kwa hiyo wapigaji wawili wanapokutana, lazima mmoja asogee. Mpiga banjo anaweza kulegeza uzi, au kuuvuta kidogo kwa kidole, au kuikwepa noti yenye ugomvi na kuliachia limba liiseme peke yake. Mpiga limba naye anaweza kugonga vijiti vyake mpaka vilingane na gitaa: kijiti kikitokezwa zaidi, sauti hushuka, kikirudishwa ndani, hupanda. Ni kazi ya dakika chache. Ndiyo maana mara nyingi anayeombwa kusogea ni mpiga limba, na ndiyo maana rekodi nyingi za kuchanganya tamaduni husikika vizuri na bado zikawa na kitu kilichokosekana ambacho msikilizaji hawezi kukitaja. Kilichokosekana ni ile sauti ya saba.

Katika habari hii ya limba na gitaa, Iringa ina mtu wake. John Kitime, mpiga gitaa na mwandishi mashuhuri wa historia ya muziki wa dansi, aliwahi kuwa katika Tancut Almasi, bendi ya kiwanda cha kukata almasi kilichokuwa mjini Iringa, kabla ya kujulikana zaidi na Kilimanjaro Band, Wana Njenje. Yeye na Ngoliga wamepiga pamoja wawili tu, gitaa na limba, na mwaka 2009 walizunguka Marekani katika maonesho ya Fleck. Bendi za mashirika ya umma, kama Tancut, Urafiki Jazz au Bima Lee, zilikuwa shule ya jambo hili muda mrefu kabla ya mtu yeyote kulipa jina la kigeni. Vijana wa makabila kumi walikutana kwenye mshahara mmoja. Kila mmoja alileta wimbo wa kwao, na gitaa la ridhim likafanya kazi ya mkalimani: kurudia mapigo machache, kukaa chini, kuwaachia wengine waseme.

Filamu nyingine zilizogusa ukanda huu zilikwenda njia tofauti. Hatari! ya mwaka 1962, yenye jina la Kiswahili na iliyopigwa picha kaskazini mwa Tanganyika, ilitungiwa muziki na Henry Mancini huko Hollywood. Alitumia vyombo vichache vya Kiafrika vilivyoletwa kutoka safarini, limba dogo likiwemo, lakini wapigaji na mawazo vilikuwa vya Hollywood. Kipande chake kuhusu mtoto wa tembo kilipendwa dunia nzima, na ni kizuri kweli, ila hakuna Mmasai wala Mmeru atakayejisikia humo. The Lion King ya mwaka 1994 ilimpa Lebo M wa Afrika Kusini nafasi kubwa kando ya Hans Zimmer, kwa hiyo mbuga zinazofanana na Serengeti zikafunguliwa kwa Kizulu, na Kiswahili kikabaki na maneno ya utani. Walio karibu zaidi na njia ya Fleck ni watengenezaji wa The Constant Gardener ya mwaka 2005: mtunzi Alberto Iglesias ni Mhispania, lakini wimbo unaokaa moyoni mwa watazamaji ni Kothbiro wa Ayub Ogada, Mkenya mpiga nyatiti, ulioachwa usikike kama ulivyo.

Sikio la mtu wa Mbeya au Iringa halikungoja filamu hizo ili lijue mchanganyiko. Wamoraviani walianza kazi Rungwe mwaka 1891, na matarumbeta waliyoyaleta yamekuwa ya wenyeji kiasi kwamba harusi isiyo nayo huonekana imepungukiwa. Ukanda wa Ziwa Nyasa una mganda, ngoma iliyochukua hatua za gwaride la askari wa kikoloni na kugeuza tarumbeta kuwa vibuyu vyenye utando unaokwaruza sauti. Limba la Kigogo nalo huzibwa tundu lake kwa utando wa buibui ili lilie kwa namna hiyo hiyo. Watu waliotenganishwa na mamia ya kilomita wamependa mkwaruzo ule ule, ambao fundi wa studio asiyejua huuita kelele na kuuondoa.

Mabanda ya video ya miaka ya 1990 yaliongeza darasa lingine. Filamu ya Kihindi au ya Hong Kong ilikuja na muziki wake, na juu yake akakaa msimulizi wa Kiswahili, kama yule Lufufu aliyekuwa bingwa wa kazi hiyo, akitafsiri, akitania, akiwapa wahusika majina ya mtaani. Alipozungumza, muziki ulizama. Alipovuta pumzi, uliibuka. Mtoto aliyekaa kwenye benchi la mbao Mwanjelwa, mjini Mbeya, alijifunza kuitambua hatari kwa sekunde mbili za vinanda kati ya sentensi na sentensi. Alijifunza pia kwamba sauti mbili zenye nguvu haziwezi kuongea wakati mmoja, na hilo lingemfaa baadaye kuliko alivyodhani.

Mwandishi wa kumbukumbu hizi alikuwa mtoto wa aina hiyo. Miaka mingi baadaye alishirikishwa Mbeya kuandaa muziki wa filamu fupi ya vijana, ya dakika kumi na nane, kuhusu binti anayetoka Kyela kwenda kuuza mchele mjini. Mpango ulionekana rahisi: ing'oma ya Wanyakyusa kwa ajili ya nyumbani, matarumbeta kwa ajili ya mji, na ligombo kwa ajili ya bibi wa Kihehe anayempokea binti huyo, gitaa likisindikiza. Ligombo ni zeze la ubao uliochongwa kama hori, uzi ukizungushwa kutoka ncha hadi ncha. Hugh Tracey alilirekodi alipopita Tanganyika mwaka 1950, na leo wanaolipiga ni wachache. Alipatikana mzee mmoja aliyekubali kuja kutoka upande wa Iringa.

Kosa la kwanza lilikuwa la hali ya hewa. Ngoma zililetwa kutoka Kyela, kwenye joto la ziwani, mahali pasipofika mita 600 juu ya usawa wa bahari, zikapandishwa hadi Mbeya penye mita 1,700, tena mwezi wa saba. Asubuhi ngozi zilikuwa zimelegea na kulia kama maboksi. Prodyuza alitaka kurekebisha kwenye kompyuta. Mzee wa ngoma alitoka nje, akaomba majani makavu, akawasha moto, akaanza kuzigeuza ngoma moja moja mbele yake huku akizijaribu kwa vidole. Kazi ilisimama saa nzima. Kijana mmoja, kwa kukosa la kufanya, aliacha kinasa sauti kikiwa kimewashwa.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Kila kundi lilirekodiwa kwa siku yake, na wote walifuata mlio wa kompyuta hedifoni, isipokuwa ngoma, ambazo haziwezi. Ing'oma haina mwendo mmoja. Huanza kwa uzito, ikasukumwa na wachezaji, ikapanda, ikatulia mtu anapoingia katikati, ikapanda tena. Prodyuza alizikata vipande vipande na kuvipanga kwenye mistari ya kompyuta ili vilingane na gitaa. Kwa macho, kazi ilikuwa safi kabisa. Mzee wa ngoma aliporudi kusikiliza alivua hedifoni kabla wimbo haujaisha na kusema kwa upole kwamba ngoma ni nzuri, ila si yake. Hakugombana na mtu. Alitaka tu kujua nani amepiga.

Swali hilo lilirudisha kazi nyuma wiki mbili. Rekodi ya kwanza ilitafutwa ikawekwa kama ilivyokuwa, na safari hii gitaa ndilo lililoambiwa liifuate, mpigaji akiitazama picha ya wachezaji badala ya kusikiliza mlio. Alikosea sana mwanzoni. Mara ya tano alielewa kwamba anatakiwa kutazama miguu.

Matarumbeta yalikuwa na ugumu wake. Yametengenezwa kwa B-flati, wakati wapiga gitaa hupenda kukaa kwenye A, D au E, zenye nyuzi za wazi. Hili lilitatuliwa kwa kifaa cha bei ndogo: kapo ilibanwa kwenye chuma cha kwanza, gitaa likapigwa kwa vidole vya A na kutoa B-flati, kila mtu akafurahi. Ligombo halikukubali dawa hiyo. Mzee wa Kihehe alikuwa amelityuni kwa sauti yake mwenyewe ya kuimba, kati ya noti na noti, na gitaa likarekebishwa kulifuata bila shida. Tarumbeta linaweza kuvutwa bomba lake kidogo, kisha basi. Ligombo na tarumbeta viliwekwa pamoja mara moja tu, na walioko studio wakashika masikio.

Mhariri kijana alikuwa ameota mwisho wa filamu ambamo ngoma, matarumbeta, gitaa na ligombo vinalia kwa pamoja. Ni ndoto ya kila anayechanganya muziki kwa mara ya kwanza. Mwandishi aliiota pia. Filamu, hata hivyo, ina njia ambayo jukwaa halina: inaweza kukutanisha sauti mbili bila kuzipiga pamoja. Binti anatembea barabarani nyuma ya msafara wa harusi, matarumbeta yakiwa karibu. Anakunja kona, yanasogea mbali, yanachanganyika na bodaboda na wauza ndizi. Anafungua mlango wa chumba cha bibi, anaufunga. Mji unabaki nje kama mvumo. Kinafuata kimya cha sekunde tatu hivi, kisha ligombo linaanza peke yake. Watazamaji wa kwanza, walipoulizwa, walisema walisikia muziki wa aina mbili ukichanganyika, ingawa hakuna sekunde hata moja ambapo ulichanganyika. Masikio yao ndiyo yaliyofanya kazi hiyo, katika zile sekunde tatu.

Fleck naye katika filamu yake hufanya vizuri zaidi anapopunguza. Vijijini Uganda, mbele ya marimba kubwa linalotandikwa juu ya shimo na kupigwa na watu wengi kwa pamoja, banjo hugeuka kuwa sauti moja nyembamba pembeni, na hapo ndipo linapokubalika. Anapopata nafasi ya kuonesha ufundi wa vidole vyake, ambao ni mkubwa mno, msikilizaji humsikia yeye tu.

Linabaki suala la majina na malipo, ambalo wapenzi wa muziki huliacha kwa mawakili. Albamu ya Throw Down Your Heart inataja mpigaji au kundi kwa kila wimbo. Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi na pia anayepiga au kuimba, na ina sehemu inayohusu sanaa za jadi, ambazo si mali ya mtu mmoja lakini si za kuokota. Filamu nyingi za nyumbani bado huandika mwishoni maneno mawili tu, ngoma za asili, kana kwamba ngoma ilijipiga. Toleo la kwanza la filamu fupi ya Mbeya liliandika hivyo hivyo, na aliyeliandika ndiye anayesimulia hapa.

Toleo la pili lilitaja kila mpiga ngoma kwa jina na kijiji chake, mpiga ligombo, kikundi cha matarumbeta mtu kwa mtu, na mpiga gitaa. Orodha ikawa ndefu kuliko kipande cha ligombo kilichopangwa kuisindikiza, na hakuna aliyetaka kukirudia au kukirefusha kwa kompyuta. Majina ya mwisho yalipita juu ya ile rekodi iliyoachwa wazi asubuhi ya baridi: majani makavu yakiungua, na vidole vya mzee vikiijaribu ngozi, mara bado, mara tayari.